Doa la Oili Kwenye Kitambaa Cheupe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kasafiri kumhudumia binti yake aliyejifungua. Ufunguo wa gari kaniachia mimi — si mwanawe wa kumzaa! Kasema mbele yake: huyu hata baiskeli ilimfia mikononi. Mume wangu kanuna mpaka chakula cha usiku. Mimi kichwa kimevimba. Tangu niolewe nilikuwa "yule mshona nguo". Leo naaminiwa.

Jumanne, 5 Machi
Akirudi Jumapili nataka alikute gari limefanyiwa sevisi, hadi oili ya giaboksi. Fundi kasema ninunue, yeye atamwaga ya zamani aweke mpya. Aina gani? Niliona haya kuuliza. Kwani oili na uzi vina tofauti gani? Uzi nauchagua kwa kulinganisha na kipande cha nguo ya mteja. Basi nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikakifuta kwa kitambaa cheupe, nikaenda dukani na doa langu.

Muuzaji akauliza ni gari gani. Nikamwambia: la mama mkwe.

Tukatoka juani, tukainamia doa na chupa kama tunachagua nguo ya harusi. Kahawia, ila kwa mbali lina wekundu. Tukakubaliana: nyekundu.

Alhamisi, 7 Machi
Gari linasita. Nakanyaga, injini inalia, lenyewe linafikiri kwanza. Mume wangu anacheka peke yake bafuni, namsikia.

Fundi kaja. Jana aliimimina tu, akidhani nimesoma kitabu cha gari. Nilichaguaje? Nikamwonyesha kitambaa. Akakitazama weee. Akasema oili ikishatumika hubadilika rangi, na hata mpya haichaguliwi kwa rangi. Giaboksi hii ina oili yake maalumu. Tukiendelea kuendesha na hii, inakufa.

Kitabu kimo garini, chini ya miwani ya mama mkwe. Kimeandika wazi kabisa. Najuta, jamani.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi kamwaga nyekundu yote, kaenda kutafuta ile sahihi. Hata hajafika mbali — hodi. Mama mkwe! Mzazi hajambo, mtoto hajambo, naye kachoka kukaa kwa watu. Kanikumbatia. Huko kote kawasimulia alivyopata mkwe mwenye akili. Kisha: lete ufunguo mwanangu, nimelikumbuka gari langu.

Giaboksi haina hata tone. Akiliondoa pale, ndiyo basi.

Nimemwambia nautafuta. Umo mfukoni mwangu. Niko chumbani naandika, huku nafungua na kufunga droo asikie. Mume wangu kachungulia, kanong'ona: baiskeli yangu angalau ilikufa na oili yake.

Nitamwambia nini? Kwamba nilipima giaboksi kama sketi?

Nje kimya. Sasa mlango wa gari. Ananiita: usihangaike mwanangu, ninao wa akiba mkobani.

Kumbe alikuwa nao siku zote. Na mimi nilivyojivuna! Sijui nicheke au nilie. Kitambaa ninacho mkononi, nakwenda kumwambia kila kitu, kabla haja — injini hiyo