Gunia la Muzee Havugimana

Edmond Habineza,
Kartie Mapendo,
Goma.
6 Oktoba 2019

Mpendwa ndugu yangu Evariste,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na Lubumbashi inakulea vipi? Mke wako Daniella amepona ile homa iliyokuwa ikimrudiarudia? Sisi huku tu wazima. Mvua imeanza, mlima unatoa moshi wake kama kawaida, na mtoto wetu Gisubizo ameota meno mawili, anauma kila kinachomkaribia. Mama anakuombea kila asubuhi, na jina lako hutangulia langu. Hilo nimeshalizoea.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu hukatika kabla sijafika kwenye linaloniuma. Barua hii anakuletea jirani yetu Buhendwa, anayekuja huko kwa biashara zake.

Linaloniuma ni wewe. Usicheke. Nakuonea wivu, ndugu yangu, na mwaka huu wivu huo umenizidi kimo.

Mjomba wetu Muzee Havugimana bado anatega kwale kule Munigi, kandokando ya mashamba ya maharage, wala havuki mpaka wa parki ya wanyama. Lakini magoti yamemchoka, na tangu kiangazi alitangaza kwamba gunia lake la kujifichia litapata mrithi. Unalijua kuliko mimi, maana wewe ulilivaa: limeshonewa majani makavu na zile nyuzi za kijivu zinazoota juu ya mawe ya volkano, halafu hulala zizini mpaka linuke ng'ombe, lisinuke mtu. Atakayepewa ndiye atakayelala kando ya wavu na kuvuta kamba. Na siku ya karamu ndiye atakayegawa nyama, hata wakubwa wakiwapo.

Nilidhani ni mimi. Nani anamchotea Muzee maji? Nani alipanda juu ya paa lake kuziba matundu? Lakini kila nikifika kwake hadithi ni Evariste. Eti ulilala kimya mpaka kwale akapanda juu yako. Zamani alipanda kwenye kisigino, siku hizi ameshafika mgongoni, na ukiendelea kukaa huko atakuja kutaga kichwani. Niambie ukweli, alipanda au hakupanda? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ni kinyume: lako lipo, na mimi niliyepo ndiye sina changu.

Alinichukua mara kadhaa kunifundisha, na kila mara ndege waliniona. Mara nimeoga kwa sabuni, mara saa yangu imemetameta, mara nimewakodolea macho. Muzee anasema macho ya mtu yanapiga kelele. Anayejificha hulaza uso chini na kuwinda kwa masikio. Mimi nikisikia mbawa lazima niinue kichwa. Hapo Muzee husikitika na kusema kwamba Evariste hakuwa hivyo.

Basi kijicho kikanipeleka sokoni Birere. Kwa muuza mitumba mmoja nikakuta koti la wawindaji wa Ulaya, lina kofia yake, limechorwa majani na vijiti kila mahali. Nikaona dawa yangu ndiyo hiyo. Hata mke wangu Marcelline sikumwonyesha. Nilitaka Muzee ashangae kwanza, kisha habari imfikie yeye, kisha ikufikie wewe.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilijipaka majivu usoni, nikapanda pikipiki hadi Munigi, na koti nikalivaa nyuma ya mawe. Marcelline alikuwa amelala kwa Muzee ili amsaidie shangazi Nyiransabimana kupalilia. Nikaingia shambani nimeinama, natoka jiwe hili nakimbilia lile, fimbo mkononi. Shamba lilikuwa tupu. Majembe yako chini, sufuria ya chai bado inafuka. Nikadhani wamekwenda kuchota maji, nikafurahi kwamba hakuna wa kuwafukuza kwale. Nikalala kando ya wavu, uso chini safari hii, nikajisifu moyoni.

Kwale hawakuja. Aliyekuja ni Muzee, anachechemea, mikono juu. Aliniona toka mbali kama mtu aonavyo nguo iliyoanikwa. Akasimama, akasema kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake:

— Afande, hapa tuko raia tu. Kama munatafuta chakula, iko nyumbani. Wanawake muwaache, tafazali.

Nikavua kofia ya koti. Akashusha mikono. Hakunitukana. Aligeukia mawe akaita watoke, ni Edmond.

Shangazi akatokea nyuma ya ukuta wa mawe. Na karibu kabisa na miguu yangu, chini ya mabua makavu ya mahindi ambayo niliyaruka nilipokuwa naingia, akainuka Marcelline, Gisubizo yuko chini ya kifua chake ananyonya. Alikuwa amelala pale muda wote niliolala mimi. Aliona koti kwa mbali akadhani ni askari, uso hakuutazama. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Na mtoto hakulia, huyu anayelia akinyang'anywa kijiko.

Koti Muzee alilichoma palepale. Alisema nimshukuru Mungu kwamba sikukutana njiani na wenye kuvaa hivyo kila siku. Wiki nzima Marcelline alinipikia, akanifulia, na hakunisemesha.

Leo baada ya misa Muzee amefika hapa Mapendo, gunia begani. Nilisimama nikanyoosha mikono miwili. Alinipita. Akaliweka magotini pa Marcelline, akasema:

— Huyu ndiye anajua kujificha. Weye unajua kuvaa tu.

Jirani waliojaa uani walicheka sana. Nami nilicheka, meno nje, moyo unaungua. Kumbe siku zote namwonea wivu mtu wa Lubumbashi, na aliyenishinda ndiye ananipikia ugali. Mwanamke agawe nyama na mimi nisubiri bakuli? Nilikuwa natafuta neno la kumpinga Muzee, naye akamwuliza Marcelline ni nani alimfundisha kulala vile.

Marcelline alikuwa anapapasa zile nyuzi za gunia. Akajibu bila kuinua macho:

— Mama yangu, kule Masisi, wakati wa vita. Mudogo wangu yeye alikohoa.

Hakuna aliyecheka tena. Tangu nimuoe, Evariste, sijawahi kusikia kwamba alikuwa na mdogo.

Wewe bado nakuonea wivu, nisikufiche. Ujuzi wako ningeuchukua hata leo, pamoja na yule kwale wako wa mgongoni. Huu wa mke wangu siutaki. Na yeye ningependa asingekuwa nao.

Msalimie sana Daniella, na watoto Samy na Igihozo. Mama, Muzee na shangazi Nyiransabimana wanakusalimu. Marcelline naye anakusalimu. Amekaa hapa kando yangu na taa, hatujasema mengi, lakini amekaa. Mungu awalinde mahali peupe, wewe na wako, na asiwepo wa kuwalaza chini.

Ni mimi nduguyo, mwenye wivu na mwenye kukupenda,

Edmond