Binti Yangu Hanijui

Shoga, bado niko uwanja wa ndege. Usicheke kabla sijamaliza.

Unakumbuka wiki mbili nilizomfundisha binti yangu kusafiri peke yake kwenda kwa mama yake mdogo? Kila jioni sebuleni, mjomba wake na sare zake za ulinzi akijifanya afisa? Nami namkazia, "Mtu mzima yeyote akidai mko pamoja, sema humjui!"

Basi leo nimetoa barua yangu ya ridhaa asafiri peke yake, afisa wa uhamiaji akamuuliza, "Huyu ni mama yako?"

Kaniangalia usoni. USONI, shoga! "Simjui."

Mimi! Niliyembeba miezi tisa!

Nikasema, "Mwanangu, acha mchezo." Akamgeukia afisa: "Nyumbani walinionya kuhusu watu kama huyu."

Nimewekwa chumbani, naulizwa mtoto nimemtoa wapi, huku nasikia abiria wa ndege yake wanaitwa! Kilichoniokoa ni picha zake za utotoni kwenye simu.

Kaingia ndegeni dakika ya mwisho, ananipungia mkono kwa raha zake.

Afisa anatikisa kichwa: "Mtoto kafundishwa huyu! Nani kamfundisha?"

Nikamjibu, "Simjui."