Shemeji ametibu miti yangu

Hajira, nimechoka na ukoo huu.

Ile miti yangu ya matufaa, ile isiyoshikwa na ukungu, shemeji Elieza ameikata. YOTE. Nimetoka kanisani namkuta anafuta panga.

"Shemeji, ilikuwa na uvimbe kwenye shina. Nimekata chini ya uvimbe, ugonjwa usipande."

Uvimbe, Hajira! Uvimbe!! Pale ndipo mti mzuri ulipobebeshwa, yaani kuungwa, juu ya shina la mti wa mwitu. Mzuri kautupa kwa mbuzi, mimi kaniachia mwitu.

Na mume wangu kasimama hapo hapo: "Si umshukuru kwanza?"

Nikawaambia miti ile haijawahi kuugua hata siku moja.

Elieza akatabasamu. "Na sasa haitaugua tena."