Luhaga Wawili, Cheti Kimoja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shule ya Maskati imemkubali Baba Eva! Dada Safia, wakala wetu wa Dar, katuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara tatu. Kufundisha hesabu, nyumba ya kukaa ipo, na mke na mtoto wanaruhusiwa kwenda naye. Mke ndiye mimi! Nilimwacha mteja barazani nywele nusu kichwa, nikaingia ndani kuruka peke yangu. Mteja akauliza kama nimeona nyoka.

Sasa ni karatasi. Safia kasema kila cheti kihakikiwe kule kilikotoka, kipigwe muhuri wa wakili, halafu wizarani, halafu ubalozini. Digrii, kidato cha nne, cha sita, cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, na cha Eva. Viwe mezani kwake tarehe 30. "Na majina yafanane, mpenzi. Herufi moja ikiruka, wanarudisha."

Baba Eva anafundisha shule ya Buzuruga hadi jioni, kwa hiyo mizunguko ni yangu. Nimenunua faili la plastiki, jekundu, la kifungo. Mimi niliyeishia kidato cha pili natembea na digrii kwapani! Niliigusa kwa kidole kimoja tu. Karatasi yake nzito. LUHAGA MASHIMBA. Jina la mume wangu, herufi zimepindwa kama mapambo ya kanisani.

Jumatano, 11 Juni

Vyeti vya shule vimerudi, vyote sahihi. Wakili wa pale karibu na soko kagonga mihuri mpaka meza ikacheza. Kaniambia mume wangu ana kichwa. Nikajibu asante kama vile kichwa ni changu.

Cha ndoa na cha Eva tayari. Kimebaki cha kuzaliwa. Baba Eva hana. Chuo alisoma kwa kiapo cha mama yake tu. Nikamwambia kesho naenda kukiomba. Akasema niache, atakwenda mwenyewe. Lini? Siku moja. Siku gani, Baba Eva, na tarehe inakimbia? Akajikuna shingo, akanijazia fomu. Wanaume na foleni!

Alhamisi, 12 Juni

Sijui nianzie wapi. Masikio yanalia.

Nimefika dirisha la vizazi na vifo saa tatu, Eva mgongoni. Dada wa pale kapokea fomu, kabonyeza kompyuta, kaangalia. Kabonyeza tena. Akasema hiki kimeshatoka. Kimetoka wapi? Luhaga Mashimba, baba huyu, kijiji hiki cha Misungwi, mwaka huu. Mwenyewe kaja Novemba, kachukua, kaweka dole gumba.

Nikasema haiwezekani. Novemba alikuwa anasahihisha mitihani, meza yangu ya chakula ilijaa makaratasi.

"Basi ana pacha," akasema.

Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni akadakia: "Au kampelekea bi mdogo, mwenzangu. Fungua macho." Watu wakacheka. Eva naye akacheka, mtoto wa watu, hajui.

Nimetoka pale nimeshika faili kwa mikono miwili. Kuna mtu kaiba jina la mume wangu! Nimetembea mpaka nyumbani Mabatini kwa miguu bila kujua natembea.

Jioni nikamwambia. Tonge likaishia mkononi. Hakuliweka mdomoni, hakulirudisha sahanini. Akasema tu: "Usiende tena pale."

Hakuuliza ni nani. Nimeliwaza hilo jioni nzima. Mtu aliyeibiwa si anauliza mwizi ni nani?

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe, tunamwita mayu, kaja kutoka Misungwi na kifuko cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Baba Eva alibaki kanisani na kwaya. Au alibaki makusudi.

Nikampigia magoti. Shikamoo, mayu. Marahaba, mwanangu. Nikammiminia uji. Nikamuuliza wazi: kwa nini wewe unamwita mwanao Kija? Siku zote nilijua ni jina la nyumbani, kila Msukuma analo.

Akasema, "Kwa sababu nilimzaa, nikamwita Kija."

Na Luhaga?

Akasema kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Kija alifeli darasa la saba. Kurudia kwa jina lake kulikuwa hakuruhusiwi. Ila kulikuwa na mtoto wa jirani, mzee Mashimba, aliacha shule darasa la sita akafuata ng'ombe wa mjomba wake Geita. Jina lake lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Marehemu baba mkwe, mzee Masele, akampelekea mwalimu mkuu mbuzi. Shule ilipofunguliwa, Kija akaitika "nipo" kwa jina la Luhaga. Akafaulu. Akaendelea nalo mpaka chuo.

Nikasema mayu! Jina la mtu!

"Lilikuwa limekaa bure. Jembe la jirani likiwa limelala, si unalima? Na si sisi tu. Darasa lile walikuwa wanne."

Uji ulinimwagikia kanga. Cheti changu cha ndoa. Kiapo chetu mbele ya padri: mimi Odeta nakupokea wewe Luhaga. Nilimpokea nani? Na Eva? Evelina Luhaga, ndivyo kadi yake ya kliniki inavyosema.

Mayu akamchukua Eva, akambusu kitovu. "Mtoto ni wetu. Jina ni la shule tu."

Jumatatu, 16 Juni

Sijaongea naye. Nimesuka vichwa vinne.

Jioni alikuwa anafua nguo za Eva, amenipa mgongo. Nikaita taratibu: Kija.

Akageuka. Haraka kuliko anavyogeukaga kwa Luhaga.

Akalia. Sijawahi kumwona akilia. Anasema alikuwa na miaka kumi na nne, baba akisema ingia, unaingia. Anasema kila mtihani alisubiri mtu asimame nyuma ya darasa aseme huyo siye. Na mitihani yenyewe alifanya yeye, kwa kichwa chake. Hilo sibishi. Nimemwona anavyofundisha, hata mimi kanielewesha hesabu za sehemu nikiwa na mimba ya miezi minane, akikata chapati.

Nikamfutia macho kwa kanga ileile ya uji. Lakini moyo umebaki mlangoni, hauingii hautoki.

Alhamisi, 19 Juni

Luhaga kaja! Mwenyewe! Baba Eva ndiye kamtafuta, kupitia mayu.

Nilitegemea jitu la shari. Kaja mtu mwembamba, viatu vya mvua, kofia kaivua mlangoni. Anaendesha trekta za watu kwenye mashamba ya mpunga. Akamtazama mume wangu juu mpaka chini. Mimi nimeshika mwiko. Akasema:

"Mwalimu, nasikia mimi nina digrii. Basi nipe hongera zangu."

Yesu! Baba Eva hakujua acheke au apige magoti. Akafanya vyote.

Akatueleza. Mwaka jana alitaka leseni, akaenda shule yake ya zamani kuomba barua kwamba aliishia la sita. Wakamwambia wewe ulifaulu la saba, ulikwenda sekondari, tafuta cheti chako huko. "Nikakaa chini ya bendera nikawaza, nilifaulu lini? Nikasema labda ni malaria." Ndipo akaenda kuchukua cheti cha kuzaliwa, ajue kama yupo. Na pia kwa ajili ya binti yake, Gladness, yuko la saba mwaka huu. Shuleni wanataka karatasi zake na za baba.

Akamuuliza Eva jina. Nikasema mimi, kwa aibu: Evelina Luhaga. Akacheka mpaka akajifuta machozi na kofia. "Basi huyu ni wangu! Njoo kwa baba, tulime!" Eva akaenda, akamvuta masharubu.

Baba Eva kasema dawa ipo. Ni kusaini karatasi kwa wakili kwamba Luhaga Mashimba wako wawili, ili Baba Eva naye apate cheti. Luhaga hakukawia hata kidogo. Akasema jina haliishi kwa kutumiwa, tugawane. Anaomba tu kisiharibike cheti cha Gladness.

Nimepika wali na kuku mzima. Nikampa mgeni firigisi, fungu la baba mwenye nyumba; Baba Eva akaona, akachukua shingo. Nimelala na tumaini, kwa mara ya kwanza tangu lile dirisha.

Jumanne, 24 Juni

Wakili wa karibu na soko kakataa. Nikamuuliza Baba Eva kwa nini. Kasema ana mambo mengi. Kapata mwingine, ghorofani, mjini.

Safia kila asubuhi anahesabu. Leo: "Siku sita, mpenzi." Kuna mwalimu mwingine yuko tayari kuchukua nafasi.

Alhamisi, 26 Juni

Naandika hapa hapa kwa wakili, kwenye benchi la koridoni, kauntabuku iko juu ya faili jekundu. Lazima niandike, nisipoandika nitapiga kelele.

Tumefika saa nne. Wamechapa karatasi moja, umeme ukakatika. Wanasubiri urudi watoe nakala, ndipo wasaini. Luhaga kavaa shati la kanisani. Kasafiri tangu alfajiri, kamletea Eva miwa, karani kakataza isiliwe ndani.

Luhaga akapewa ile karatasi asome. Akaishika kwa adabu, akaiangalia, akanipa mimi.

"Shemeji, nisomee. Herufi za kompyuta zinanikimbia. Wewe umesoma."

Mimi nimesoma!

Nikamwambia subiri, niipitie kwanza mwenyewe. Akaenda bombani kunywa maji. Nimeipitia. Nimerudia, maana Kiswahili cha mahakama ni kizito, labda sijaelewa. Nimeelewa.

Haisemi wako wawili. Hakuna hata neno wawili. Inasema: mimi niliyeweka dole gumba hapa chini, naapa kwamba mimi siye Luhaga Mashimba. Kwamba cheti cha Novemba nilikichukua kimakosa. Kwamba naomba kifutwe. Na pale pa jina lake wameandika: Kija Masele.

Kija Masele! Wamemvua jina, wamemvisha la mume wangu, kama shati alilolivua.

Kikifutwa, Gladness atakuwa binti wa nani?

Nimeinua macho. Baba Eva amesimama dirishani, alikuwa ananiangalia tangu mwanzo. Kumbe alijua tangu Alhamisi ile, kuku akiwa mezani! Akaja, akachuchumaa mbele yangu kama siku ya kunichumbia. Akasema chinichini, "Mama Eva, msomee pale chini tu, penye sahihi. Nikishapata kazi nitamtengenezea kila kitu. Naapa." Nikamuuliza, unaapa kwa jina gani? Sikutaka kusema hivyo. Neno limetoka.

Akasema, "Fikiria Eva."

Namfikiria. Yuko mapajani kwangu, anatafuna kamba ya faili. Namfikiria na shule nzuri, na feni, na baba asiyeshtuka mlango ukigongwa. Na namfikiria yule wa la saba ambaye sijawahi kumwona.

Taa zimewaka. Karani kaita: "Jamani, karatasi iko wapi? Tumalize."

Baba Eva kanyoosha mkono nimpe. Sijampa. Kautazama mkono wake, kaushusha, katoka kwenda ngazini bila kufunga mlango.

Luhaga anarudi, anajifuta mdomo kwa kofia. "Shemeji, umemaliza?"

Nimemhamishia Eva goti la pili. Benchi lina nafasi ya mtu mmoja. Nimemwambia akae, tunaanzia juu.