Nilimwaga Chachu ya Mama Mkubwa, na Sasa Mimi Ndiye Mpelelezi

Mshauri mpendwa, msaada wako nauhitaji sana, lakini kabla ya kuuomba nitimize kwanza wajibu wa kutoa tangazo: kwa masikitiko makubwa nakujulisha wewe, wasomaji wako na wote watakaoguswa, kwamba chupa moja ya mdomo mpana, mkazi wa rafu ya pili katika friji ya fleti yetu, ilimwagwa kwenye sinki siku ya Jumanne, imeacha kifuniko kimoja na wapangaji watatu, na mmoja kati ya hao watatu ndiye aliyeimwaga, na huyo ni mimi.

Mimi ni mwanafunzi wa teknolojia ya vyakula, niko kwenye mafunzo ya vitendo ya miezi minne katika kiwanda cha maziwa, kitengo cha ubora, kazi yangu ni kupima, kunusa, kuandika na kutupa, na msimamizi wangu, mama mmoja ambaye hajawahi kutabasamu mbele ya maziwa, alinifundisha siku ya kwanza sheria moja tu, kwamba kisicho na lebo hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni uchafu, basi sheria ile ikaniingia mpaka kwenye mifupa, nikawa nikiona mtu barabarani hana kitambulisho shingoni namwonea wasiwasi.

Kutafuta nyumba nilizunguka na dalali siku mbili nikiwa na fomu ya ukaguzi ya kiwandani, palipoandikwa "tangi" nikaandika "chumba", fleti ya kwanza ikaanguka kwa ukungu wa bafuni, ya pili ikaanguka kwa sababu wapangaji wake walikuwa wanacheka mno mchana kweupe, nikaona hawa hawana ratiba, ya tatu nikaenda moja kwa moja jikoni, nikatoa kipimajoto kwenye mkoba, nikakilaza katikati ya friji, nikafunga mlango, nikasubiri dakika kumi, mpaka dalali akaniuliza, "Dada, unapanga nyumba au unauguza?" lakini kipimajoto kilisoma nyuzi nne kamili, nikasema hapa ndipo kwangu, nikasaini. Nakiri kwamba friji niliipima, watu sikuwapima.

Watu wenyewe ni wawili, wote wasichana wa mafunzo kama mimi. Wa kwanza tunamwita Fundi, yuko kampuni ya kutengeneza lifti na anaishi ghorofa ya tano katika jengo ambalo lifti yake haijasogea tangu tuhamie, na majirani wakimsimamisha ngazini, "We binti, si ndiyo kazi yako hii?" yeye hujibu, "Mama, hata daktari hapasui mgonjwa wa hospitali nyingine," na anaendelea kupanda, na siku niliyohamia alinibebea godoro kichwani ghorofa zote tano huku akinisimulia mchumba wake wa zamani, hakupumzika hata mara moja, si kwa godoro wala kwa mchumba. Kasoro yake ni mbili: hajawahi kuosha hata kikombe, na hula chochote kilicho mbele yake kama mtu anayeitikia salamu, bila kufikiri na bila nia mbaya. Wa pili ni Mwokaji, yuko kwenye kiwanda cha mikate, mpole, maneno yake machache, huondoka nyumbani wakati sisi ndio kwanza tunageuka ubavu wa pili.

Wiki ya kwanza niliitisha kikao, nikaleta lebo za karatasi kutoka kazini, kalamu, na kanuni nilizoziandika mwenyewe, kwamba kila kitu kinachoingia friji kiwe na jina la mwenyewe na tarehe ya kufunguliwa, kisicho na lebo kitatupwa, na atakayegusa chakula cha mwenzake mara tatu atahama, Fundi akacheka akasema, "Shoga, na mimi nibandikwe? Maana nami sijui nilifunguliwa lini," lakini wote wakasaini, na kuanzia hapo nikawa Bi Lebo. Fundi kosa la kwanza alilifanya siku ya tatu, mtindi wangu, kosa la pili wiki ya pili, nusu kuku ya Mwokaji, nami nikaandika yote mawili kwenye daftari la jikoni lenye kurasa nilizozipa namba.

Sasa Jumanne hiyo nilirudi mapema, nikafanya ukaguzi, nikaikuta ile chupa. Haina lebo. Ndani kuna kitu cha kijivu kama uji, kinatoa mapovu, kifuniko kimenyanyuka chenyewe, harufu kali, na Mshauri, kwetu kiwandani kitu kikitoa mapovu bila kibali wanafunga mlango na kumwita meneja, kwa hiyo sikusita, nilikimwaga, nikapitisha maji ya moto, nikaisugua chupa kwa dawa ya kuua vijidudu, nikaianika kifudifudi juu ya kitambaa nilichokikunja pembe nne, nikaandika kwenye daftari "kimetupwa, sababu: kimeharibika", nikasaini, nikaenda kuoga nikijisikia nimeokoa maisha ya watu.

Mwokaji aliporudi alisimama mbele ya ile chupa muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chachu yangu iko wapi?"

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kile kilikuwa chachu, unga na maji vilivyoachwa vikachachuka, ambavyo waokaji wa kweli huumulia mkate badala ya hamira ya dukani, na kwamba hulishwa unga kila wiki kama kiumbe, na kwamba ile ilianzishwa miaka tisa iliyopita na mama yake mkubwa aliyemlea, na siku Mwokaji anaondoka nyumbani kuja kwenye mafunzo mama mkubwa alimgawia kijiko kimoja, akamwambia, "Mwanangu, ukiona upweke, mpe chakula huyu, atakuitikia." Nilifungua mdomo niseme. Fundi akanitangulia.

"Jamani," akasema, ameshika kichwa, "isije ikawa nimeila?"

"Umeila?" Mwokaji akamuuliza.

"Sikumbuki. Lakini na yule kuku pia sikumkumbuka."

Mshauri, nilifunga mdomo. Mwokaji akanigeukia, akaniangalia kwa upole, akasema, "Bi Lebo, wewe ndiye mtaalamu wetu wa vitu vilivyoharibika. Tuchunguzie, mwenzetu. Utatuletea ripoti Jumapili ya mwisho wa mwezi." Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Nilipobaki peke yangu niliivuta droo ya mboga nikaikuta lebo chini yake, imebanduka kwa unyevu, maana zile lebo zetu za kiwandani ni za kubandika kwenye makasha makavu na mimi nililijua hilo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, "Chachu ya Mama Mkubwa, mwenyewe Mwokaji," na tarehe ya miaka tisa nyuma, ambayo kwa kanuni zangu ingetosha kuitupa pia, nikaificha ndani ya kifuko cha kitambulisho changu cha kazi. Halafu nikachana ule ukurasa wa daftari. Kwetu, kuchana ukurasa wa kumbukumbu ni kosa kubwa kuliko kuuza maziwa mabovu. Nimelifanya nikiwa nimevaa kandambili.

Tangu hapo sina raha, kila jioni Mwokaji ananiuliza, "Uchunguzi umefika wapi, dada?" nami najibu, "Bado nakusanya ushahidi," na Fundi, ambaye kwa kanuni zangu hili ni kosa lake la tatu, ameshaanza kukunja nguo, anasema sheria ni sheria, shoga, nilisaini kwa mkono wangu, amezunguka kutafuta chumba amepata kimoja tu mbali, gari mbili kwenda na gari mbili kurudi, wakati kazini kwao anayechelewa mara tatu anaandikiwa barua ya kurudishwa chuoni, na zimebaki wiki sita tu amalize. Juzi kaniletea maandazi mawili. Kaniambia, "Haya nimenunua, sijayakuta mahali."

Nimeandika ripoti ya awali inayosema kwamba chupa ilijimwaga kutokana na msukumo wa gesi, ajali ya kimaumbile, hakuna wa kulaumiwa. Naomba uniambie kama inafaa niisome Jumapili, Fundi apone na mimi nipone, au ni lazima niseme ukweli niishi wiki sita na watu wanaojua mimi ni nani, au nihame mimi kimyakimya, maana ile fleti ya kwanza yenye ukungu bado ipo wazi. Nisaidie, silali vizuri na friji nasikia aibu hata kuifungua.

Wako, Bi Lebo.

*

Bi Lebo, mwanangu,

Pole. Hiyo ndiyo pole yako yote, nyingine nimemwekea Fundi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikajiuliza mtu anayeweza kugundua maziwa yaliyopitiliza nusu siku anashindwaje kuona kilicho mbele ya pua yake. Hebu tukae tuhesabu pamoja. Mshukiwa wako hajawahi kuosha kikombe. Wewe mwenyewe umeniandikia. Sasa siku hiyo aliamua kula uji mbichi uliochacha, akamaliza, akachemsha maji, akaisugua chupa kwa dawa, akaianika kifudifudi juu ya kitambaa kilichokunjwa pembe nne? Na daftari la kurasa zenye namba likaruka namba moja kwa upepo? Mwanangu, kwenye fleti hiyo watu watatu wanajua kusoma. Huyo Mwokaji alijua tangu alipoiona chupa inametameta. Alisimama mbele yake muda mrefu, unafikiri alikuwa anaomba dua?

Hakukupa uchunguzi kwa sababu ya utaalamu wako. Alikufungulia mlango utoke mwenyewe kwa heshima. Wewe ukaugeuza mlango ofisi, ukaweka na meza.

Kuimwaga sikulaumu. Ulifundishwa hivyo, na mimi nikikuta kitu cha kijivu kinapumua kwenye friji yangu sitakiuliza jina. Lebo kubanduka pia yatokea, ingawa ulijua karatasi ile haipendi unyevu ukaibandika kwenye unyevu. Ninachokulaumu ni lile la Fundi. Binti wa watu amekubebea godoro ghorofa tano, na sasa umemwachia abebe na kosa lako, na kibaya zaidi analibeba kwa moyo mmoja, anakuletea na maandazi. Kama ungekuwa unaishi na mtu mkali ungeshasema siku ile ile. Umenyamaza kwa sababu ni mwema. Hilo liandike kwenye daftari, na ukurasa huo usiuchane.

Hiyo ripoti ya msukumo wa gesi ichane badala yake. Gesi haioshi vyombo.

Kuhama kimyakimya nako usiniambie. Utamwacha Fundi akiamini maisha yake yote kwamba anakula chachu za watu usingizini, na utakapokwenda huko kwenye ukungu utabandika lebo upya na kuanza upya. Nyumba ya kushirikiana haikaguliwi kwa kipimajoto, mama. Fleti ya pili uliikataa kwa sababu watu wake wanacheka. Ningekuwa mimi ningewauliza wanacheka nini.

Sasa sikiliza, na usikatize. Jumapili usiingoje. Jioni hii, wakiwa wote wawili nyumbani, keti nao jikoni, toa ile lebo kwenye kifuko cha kitambulisho, iweke mezani, sema, "Ni mimi niliyeimwaga, na niliogopa kusema." Ishia hapo. Usiseme "kwa mujibu wa taratibu". Usieleze nyuzi joto. Mwokaji akilia, mwache alie, akikutukana, itikia. Fundi atacheka, namjua mtu wa namna hiyo, naye umwache acheke.

Halafu mwombe Mwokaji namba ya mama yake mkubwa, umpigie wewe, kwa mdomo wako, umwamkie vizuri, umweleze. Uliniandikia kwamba alimgawia binti yake kijiko kimoja, ukaendelea kulia kana kwamba umeua ukoo mzima. Anayegawa kijiko anabaki na chombo. Chachu ya mama mkubwa iko nyumbani kwa mama mkubwa, inakula unga kila wiki, haina habari na wewe. Jumamosi panda gari uende, beba chupa safi, na chupa safi najua unayo. Ukifika, kaa unywe chai utakayopewa, kubali kusemwa, urudi na kijiko chako. Ukirudi, uilishe wewe mpaka mwisho wa mafunzo, kwa maelekezo ya mwenye mali.

Kanuni ya makosa matatu ifute. Makosa mawili ya Fundi yaache yalivyo, kuku alimla kweli.

Na nguo zake zikunjue wewe mwenyewe uzirudishe kabatini kabla hajarudi kutoka kazini, ili akifika asikute cha kubishania.

Nilikuwa nimalizie kwa kukusihi umwambie Mwokaji kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Lakini mhariri ameniambia gazeti hili hufikishwa kwenye viwanda vya mikate saa kumi alfajiri.