Usimpe Muuza Karanga Vitabu Vyako

Nengo, Gisenyi
Rubavu, Rwanda
21 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Nadra,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama mdogo, na kwamba ule mguu wake umeacha kumsumbua. Huku kwetu tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza, nami nina kikohozi ambacho mume wangu Sulaiman anakitibu kwa tangawizi na masimango. Joto la Kigoma likoje?

Ujumbe wako wa simu niliusoma mara tatu. Ningeweza kukujibu hapo hapo, lakini mambo mengine hayatoshi kwenye simu. Wellars, dereva wa lori, anakuja huko Jumatatu, kwa hiyo nimeona nikuandikie nimpe akufikishie.

Pole sana, mdogo wangu. Miaka minne umeandika hadithi zako, ukajinyima mpaka ukazichapisha mwenyewe, halafu siku ya uzinduzi wakaja watu saba, wawili kati yao wakifuata viti vyao ulivyokodi. Niliumia kweli. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, ila hawasemi atasubiri mpaka lini. Mama mdogo naye ameniambia sahani yako inarudi jikoni kama ilivyotoka. Lakini hapo uliposema kwamba mwisho wa mwezi utampa muuza karanga maboksi yote akafungie karanga zake, hapo nilikasirika. Sababu ninayo.

Kuna aibu yangu moja ambayo nilikuficha. Kitabu changu kilipokuwa kinachapishwa, mchapaji alinipigia simu kuniuliza niachiwe nafasi gani pembeni mwa kurasa. Mimi fundi cherehani, nisiyependa kuona hata kipande cha kitambaa kikipotea, nikamwambia aipunguze, karatasi zisiende bure. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara zote mbili nilimjibu kwa kiburi. Nadra, kila gauni naliachia vidole viwili vya mshono. Kitabu changu mwenyewe sikukiachia hata kimoja. Mganga hajigangi.

Vitabu vilipofika nililia kwa furaha. Niliuza vingi siku za mwanzo, pale pale barazani ninaposhonea. Kisha wateja wakaanza kurudi. Maneno ya pembeni yalikuwa yamemezwa na gundi, na aliyekifungua kwa nguvu alibaki na kurasa mkononi. Mama mmoja wa Goma aliyekuja kuchukua nguo zake aliniambia kwa upole, "Bon, Kaltumu, hadisi iko muzuri, lakini nusu umeibakisha kwako." Nikacheka naye. Alipoondoka nikafunga duka, nikalia upya, na safari hii si kwa furaha.

Niliapa sitaandika tena. Nikaanza kuvifuata vitabu kimoja kimoja, nikimshonea kila mtu kitu kidogo cha kumpoza. Kimoja kilikuwa Bugeshi, kwa Mukagasana, mama mjane anayelima viazi, ambaye huniletea vitenge vyake siku za soko. Aliishi Goma miaka mingi, na Kiswahili anakisoma vizuri. Nilipanda moto, hizi bodaboda za huku kwetu, mpaka barabara ilipokwisha, kisha nikatembea, baridi ya milimani ikinikata masikio.

Nilipomwambia nimekuja kuchukua kitabu kibovu, alikataa katakata. Alikitoa chini ya mto wa kulalia, kimefungwa kwenye mfuko, akanionyesha. Kila palipomezwa neno, ameandika neno lake juu ya mstari kwa kalamu ya buluu. Kitabu kizima. Alikuwa akiwasomea majirani wanapopumzika shambani, na hakutaka wamsubiri huku yeye anachungulia ndani ya gundi.

Nikakaa nikasoma. Unakumbuka, kwenye mswada niliokusomea, pale mama anapomuaga mwanawe anayesafiri? Mimi niliandika, "Nenda salama." Gundi ikayameza maneno hayo, naye akaandika, "Umekula?" Nikamuuliza kwa nini.

"We unaandika muzuri, mutoto wangu," akaniambia. "Lakini mama hawezi sema nenda salama mbele ya kuuliza kama mutoto alikula."

Nilitokwa na machozi mbele yake bila haya. Miaka yote nilidhani msomaji ni mtu wa kununua tu. Nilirudi nyumbani nikabandua kwa pasi ya moto gundi ya vitabu vyote vilivyobaki, nikavishona upya kwa sindano ya magunia upande wa juu, vikawa vinafunguka kama kalenda. Sulaiman alinitania kwamba hajawahi kuona mwandishi anayepiga pasi kitabu. Vimenunuliwa vyote ila viwili. Toleo la pili nimeliachia vidole viwili, na yule mama wa kwenye hadithi sasa anamuuliza mwanawe kama amekula.

Sasa nakuja kwako. Mwezi uliopita Mukagasana alikuwa barazani akisubiri kitenge chake, akachukua kile kitabu chako ulichonitumia wakati wa Idi. Akasoma hadithi ya kwanza, akasoma ya pili, kitenge kikaisha naye hataki kuondoka. Alitaka kwenda nacho. Nikamkatalia, maana umeniandikia jina langu ndani, na pia naiogopa kalamu yake. Nikamwahidi kwamba chake kitatoka Kigoma. Siku ya soko iliyofuata akatua gunia la viazi mlangoni kwangu, akasema, "Hii ni ya mudogo wako. Umwambie niko nangoja."

Viazi tumeshavila, Nadra. Vilikuwa vitamu sana na haviwezi kurudi Bugeshi. Kwa hiyo huyo muuza karanga atafute magazeti. Mpe Wellars vitabu kumi aniletee, nivipange pale barazani, na kimoja tayari kina mwenyewe.

Nisalimie mama mdogo, na mjomba Ndayisaba mwambie shati lake liko tayari tangu mwaka jana. Sulaiman na watoto wanakusalimu. Mungu akukunjulie kilichokunjamana, akupe nguvu ya kushika kalamu tena.

Nilitaka kumaliza kwa kukuambia ukae salama, lakini nimeshafundishwa.

Umekula?

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa dhati,
Kaltumu