Mimi Raia, Afande

Jumatatu, 3 Juni
Wagonjwa thelathini kabla ya saa sita. Malaria, vidonda, na askari mwenye jipu anayelia kuliko mtoto. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Miaka tisa tabibu wa hospitali ya jeshi, na kila Juni nasaini mwaka mmoja mwingine. Mkuu wa hospitali anasema safari hii nimependekezwa kwa ajira ya kudumu. Nimeshasikia hivyo mara nne. Nimefurahi hata hivyo, mjinga mimi.

Jumatano, 5 Juni
Masunga wa maabara, raia kama mimi, alimwambia Sajenti wa kikosi asubiri foleni ya vipimo. Mbele yake alikuwepo mama mmoja kutoka Nkololo, mtoto anatetemeka kwa homa. Sajenti akamtoa Masunga nje kwa kola. Akamrusha kichurachura kuzunguka mlingoti wa bendera, na koti lake jeupe. Mzunguko wa tatu akasimama. "Mimi raia, afande." Hapo ndipo alipopigwa. Buti ubavuni. Tena. Tena. Wagonjwa wakatazama chini. Na mimi nikatazama chini. Najichukia.

Kwenye adhabu sisi ni askari. Kwenye kiinua mgongo sisi ni raia.

Alhamisi, 6 Juni
Masunga alikuja kazini midomo imepauka. Saa nne akaanguka juu ya meza, chupa za damu zikapasuka. Tumbo gumu kama ubao. Gari la wagonjwa nikanyimwa, eti ni la askari. Nikamfunga kwa kanga kati yangu na dereva wa bodaboda hadi hospitali ya mkoa. Bandama ilikuwa imepasuka. Wameitoa. Yuko hai.

Jumatatu, 10 Juni
Mama yake Masunga amekuja kutoka Zagayu na PF3, fomu ya polisi ya majeruhi. Ijazwe na tabibu aliyemhudumia kwanza. Ni mimi. Mkuu akaniita haraka. Barua ya ajira iko mezani, jina langu nimeliona. Anataka niandike Masunga ameanguka kwenye ngazi, halafu nichukue barua. Hospitali yetu haina ngazi hata moja. Nilimwambia hivyo. Akapiga meza.

Nikaandika: amepigwa mateke, bandama imepasuka. Saini, muhuri. Mama akapiga magoti. Nikamshika mikono. "Mayu, mama yangu, inuka. Mimi nilitazama tu."

Jumanne, 11 Juni
Sajenti alinisubiri stoo ya dawa. Kofi, nikagonga rafu. Ngumi nikiwa chini. Jino la kushoto limetoka. Nimeliweka kwenye bahasha ya vidonge, nikaenda polisi kuomba PF3 yangu. Namchukia mtu yule.

Jumatano, 12 Juni
Getini mlinzi alisoma orodha ya wafanyakazi mara mbili. Aibu imemjaa. "Dada, haumo."

Jumanne, 18 Juni
Sajenti ameandikishwa maelezo polisi. Bado anavaa gwanda.

Masunga amekuja hapa kwangu Somanda, anatembea taratibu, mkono tumboni. Kule hospitali ya jeshi hataki kurudi hata kutolewa nyuzi. Nilichemsha mkasi kwenye sufuria ya uji. Akalala mkekani. Nyuzi kumi na tatu. Aliuliza nani anapima malaria siku hizi. Sijui.

Aliomba nimwandikie kwenye daftari lake la matibabu. Tarehe, nyuzi, kidonda kikavu, jina langu. Kisha cheo. Nikaandika: raia.

Tukanywa chai kwa maandazi. Mimi natafunia upande wa kulia.